Mshahara Wangu Kwenye Kiondo cha Harusi

Kwa miezi mitatu nililisha kuku wa Ngigi kule Isinya, na kwa miezi mitatu alinilipa kwa kuniambia nisubiri kesho. Alikuwa na deni langu la elfu ishirini na saba. Ada ya mtihani wangu wa umeme ilikuwa elfu kumi na mbili, mwisho Ijumaa, na mama alipiga simu kila asubuhi kuuliza kama nimelipa.

Kwa maneno makali mimi ni hodari, mradi nisikilizwe na kuku. Hao niliwafokea mpaka wakaacha kula. Mbele ya Ngigi nilivua kofia tu.

Jumatano nilimfuata hadi Noonkopir. Nikamkuta kwenye ukumbi wa kanisa, katika mchango wa harusi ya binti yake, Ciku. Kiondo cha kutilia michango kilikuwa mezani, na Mzee Kisemei, mshereheshaji, akiita watu kwa kipaza sauti. Akaniona mlangoni.

"Kijana wa kuku! Muteti, uko na ngapi?"

Nilikuwa na nauli tu. Hapo nikajiona mjanja.

"Niko na elfu ishirini na saba," nikasema. "Lakini bado iko kwa mfuko ya boss. Ni mshahara yangu ya miezi tatu."

Wakwe, waliokaa mstari wa mbele, wakamgeukia Ngigi. Jasho likamtoka. Akachomoa bahasha kwenye koti, akanihesabia noti moja moja, zote. Nilijiona wakili mkubwa.

"Na sasa anachanga!" Kisemei akapaza sauti. "Elfu ishirini na saba! Mpigieni makofi ya kilo!"

Nilikusudia kutoa mia mbili. Lakini akina mama walipiga vigelegele, na Ciku akaja akilia, akanikumbatia, akaniita ndugu yake. Tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa makofi, hata shuleni. Mimi, mpenda sifa nisiye na haya, nikatia zote kwenye kiondo. Ngigi alishangilia kuliko wote.

Asubuhi mama akapiga.

"Huyo Ngigi amekulipa?"

"Amenilipa, mama. Yote. Mbele ya watu."

"Asante Yesu! Sasa kimbia ulipe mtihani."

Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Aliendelea kuniombea baraka, mimi na Ngigi, mpaka salio lake likaisha.