Supu ya Mbuzi wa Methusela

Supu ililetwa hospitali na Emiliana, wifi yake Yudith, kwenye chupa ya chai iliyoviringishwa kitenge. Yudith hakuuliza ilikotoka. Binti yake Anna alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu atolewe chumba cha upasuaji. Akamnywesha kijiko kwa kijiko, maana mkono wa kulia wa Anna sasa uliishia kwenye kiwiko.

"Ina chumvi sana," Anna alisema.

"Kunywa. Shangazi yako hajawahi kujua kupika."

Emiliana hakucheka. Alikuwa akitazama supu inavyopungua.

Mkono ulikwenda na mashine ya kukamua alizeti ya Methusela, binamu wa mumewe Yudith, kule Mkonze. Msimu ulikuwa umekolea, magunia yamepangwa hadi barabarani, na mkanda wa mashine ukawa unateleza. Kuizima kila mara ili mkanda upakwe lami usiteleze kulichelewesha kazi. Basi Methusela akafungua kava la chuma la kuukinga, akaliegemeza ukutani, na Anna akawa anapaka lami mkanda ukizunguka. Siku ile mkanda ulidaka kitambaa cha lami, na kitambaa alikuwa amekizungushia kiganjani.

Methusela alianza kusema Anna alikuwa mteja tu, kaleta alizeti za kwao. Yudith alitaka jambo moja: binti yake atambuliwe kuwa mfanyakazi aliyeumia kazini, apate fidia yake.

Aliporudi nyumbani kuchukua nguo, alikuta ngozi ya mbuzi imewambwa uani.

"Mbuzi wa nani huyu?"

Mumewe, Luka, alikuwa kwenye kigoda. "Methusela alikuja na wazee. Tukaongea."

"Mkaongea nini, na mwenye mkono yuko wodini?"

"Mama Anna, yameisha. Tumekula."

Katika ukoo wa Luka, mbuzi wa pole akishaliwa, shauri limefungwa. Anayelifungua tena hakai tena na ndugu kwenye sahani moja. Yudith alilijua hilo, ndiyo maana alimwonya Luka asipokee chochote chenye kwato.

"Mimi sijala," alisema. "Wala Anna hajala."

Luka aliangalia miguu yake. "Emiliana alipeleka supu."

Yudith alikaa chini, palepale kwenye vumbi.

Afisa kazi, mwanamke aliyeitwa Sikudhani, alifika mashineni Jumatatu kufuatilia ajali. Kava lilikuwa limerudi mahali pake, limepakwa rangi ya kijani. Wafanyakazi wakasema hawakuona kitu. Luka alipoulizwa akajibu kwamba yeye ni mkulima, mambo ya mashine hayajui.

Methusela alimsogelea Yudith. "Shemeji, mtoto mwenyewe kanywa. Usile kisha ukageuka."

"Nilimnywesha mimi, kwa mkono wangu," Yudith alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wa kwake ulishabaki humu kwako."

Kisha akamgeukia Sikudhani, akamweleza habari ya mkanda, lami na kitambaa. "Na hilo kava lilikuwa ukutani msimu mzima. Liguse, Afisa."

Sikudhani akaligusa. Kidole kilitoka na rangi ya kijani, bado mbichi.

Alimtazama kijana aliyesimama karibu na magunia. Kijana akatazama kidole kile. "Anna alikuwa mwenzetu," akasema. "Tulikuwa tunaingia naye asubuhi, tunatoka naye jioni."

Anna alitambuliwa kuwa mfanyakazi. Kijana yule hakurudi kazini. Emiliana alikuja kuchukua chupa yake ya chai, akasimama nje ya uzio mpaka alipopelekewa.

Siku Anna aliporuhusiwa, Yudith alisonga ugali na kutenga mlenda kama kawaida. Luka alichukua sahani yake, akaenda kula kwa kaka yake. Mama na binti wakabaki na sufuria katikati.

Anna alinyoosha mkono wa kushoto, akausimamisha juu ya ugali. Tangu utotoni alichapwa akila kwa mkono huo.

"Mama, huu?"

"Una mwingine?" Yudith alisema. "Kula."

Anna akala. Yudith akamsogezea mlenda upande wa kushoto, kisha naye mwenyewe akakata tonge.