Vidole vya Sista Nusrat

Mwaka 1996 Nusrat alikuwa nesi mgeni Tukuyu, ametokea Tanga, na katika kituo chao cha afya ni yeye peke yake aliyesomea ushauri nasaha. Semina ya wiki sita. Alirudi na cheti, daftari na msimamizi: Mzee Ambindwile, tabibu mstaafu, ambaye kila Ijumaa alikaa naye kusikia kazi ilivyokwenda.

Shida ni kwamba mzee hakulitaka daftari.

"Hayo nitasoma. Mwili wako ulisema nini?"

"Mwili wangu ulikuwa kazini, mzee."

Ijumaa moja walizungumzia karani aliyepunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika. Halali, anafoka nyumbani, anasema dunia imembana. Nusrat alikuwa ameandika "majonzi ya kupoteza kazi", akapigia na mstari kwa rula.

"Sawa. Na mwili?"

Nusrat aliona haya. "Akianza kuongea, vidole vyangu vya miguu vinajikunja. Nadhani ni baridi ya huku kwenu."

"Na kwa wengine?"

"Hapana."

Mzee akaweka kikombe chini. "Simama. Nionyeshe anavyoingia."

Nusrat akatoka, akaingia kwa hatua fupifupi, magoti yamebanana, uso kama wa mtu anayekanyaga misumari kwa adabu. Ambindwile akamfuata nyuma akiiga. Wakaizunguka meza kimya kimya. Mhudumu Tusajigwe akaingia na birika, akawatazama kwa huruma.

"Choo cha wagonjwa kiko wazi," alisema. "Si lazima msubiri hiki chetu."

Alipotoka, Ambindwile alikaa akisugua nyayo zake. "Kuna kitu, mwanangu. Sikijui. Mwambie unachohisi, ila usimfundishe jibu."

Jumatatu yule karani, Mzee Andongwisye, alikuja. Nusrat alimsikiliza mpaka vidole vikajikunja, ndipo akasema.

"Baba, samahani. Ukiongea, vidole vyangu vya miguu vinauma. Sijui ni kwa nini."

Mzee aliitazama miguu yake. Mdomo ukaanza kumcheza, kisha akaangua kilio.

"Namba saba, sista! Mimi navaa tisa!"

Alipoachishwa kazi, mkewe Anyosisye aliuza ndizi akamnunulia viatu vya mitumba gulioni Mpuguso, ili akatafute kazi kama mtu mwenye heshima zake. Alipomwuliza kama vimemkaa, alijibu vimemkaa. Ilikuwa imepita miezi minne.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kazi nimepoteza. Nikivikataa na viatu, nabaki mume gani?"

Nusrat alijiuma ulimi asicheke, akamletea stuli ya kuwekea miguu. Wakaongea saa nzima, viatu kidogo, kazi sana.

Wiki iliyofuata alikuja na mkewe.

"Nilijua tangu Jumapili ya kwanza," Anyosisye alisema kabla hajakaa. "Anatembea kama bata! Nikasema nimsubiri aseme mwenyewe. Kumbe ananifokea tu."

"Miezi minne unanitazama?"

"Nilidhani vitalegea!"

"Vitalegea vipi, mwanamke, vimetengenezwa Ulaya?"

Walibishana mpaka Anyosisye akashika mbavu kwa kucheka, na mumewe naye akashindwa kujizuia. Usingizi wa mzee ulirudi wiki ile ile. Uchungu wa kazi ulikawia kidogo, aliendelea kuja hadi mahindi yakavunwa, akiingia kwa hatua ndefu na kandambili, na kila alipoondoka alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, sista."