Betri Iliyoshiba

Moshi mwembamba kama uzi ulipanda kutoka chini ya tandiko la baiskeli, ukapotelea darini mwa gereji. Verlyn akachomoa waya wa betri upesi, kisha akabaki amesimama na bisibisi mkononi, kama mgeni aliyevunja kikombe cha watu.

"Mzee, unatengeneza taa au unabanika samaki?" Marlys, mkewe, aliuliza kutoka mlangoni.

"Jana iliwaka saa nzima, Marlys. Uliiona mwenyewe."

"Jana imekwenda zake. Na Chue anakuja saa nne."

Chue, mwalimu wa mtaa wa pili hapo mjini St. Paul, Marekani, alikuwa anakuja kuinunua baiskeli hiyo ya umeme. Marlys hakuwa ameipanda tangu Septemba, gari lilipomkwaruza mchana kweupe na kumwangusha. Siku hiyo taa zake ndogo, za kumfanya aonekane na madereva hata mchana, zilikuwa zimezimika. Taa za kuchaji hukumbukwa zikishakufa. Ndipo Verlyn alipoamua kuunda taa zisizongoja kukumbukwa, zinazonyonya umeme kutoka kwenye betri kubwa ya baiskeli yenyewe. Marlys alikubali kwa sharti moja: zikiwaka kabla Chue hajafika, baiskeli haiuzwi.

Majira yote ya baridi Verlyn alisoma, akachora, akalehemu. Kila mara Marlys aliposogea mezani, Verlyn alimwambia kwa upole, "Usijisumbue, mama." Alikuwa amejifunza kila kitu peke yake, na mtu wa namna hiyo hukosea peke yake pia. Sasa alifuatisha mchoro wake mara tatu, waya kwa waya. Hakuona kosa. Saa ya ukutani ilionyesha tatu na robo.

Akaitazama mita ya umeme, akamtazama mkewe.

"Hebu nisomee hii," alisema hatimaye.

"Ala! Leo nimepandishwa cheo?" Marlys akavaa miwani, akagusisha ncha za mita kwenye betri kama alivyoelekezwa. "Hamsini na nne, nukta sita."

"Haiwezekani. Betri ni ya volti arobaini na nane. Imeandikwa hapo ubavuni."

"Na leseni yangu ya udereva imeandikwa nina uzito wa ratili mia na thelathini. Unaiamini?"

Verlyn akainama kuisoma mita mwenyewe.

"Jana usiku uliichaji?" Marlys akaendelea.

"Ndiyo, mpaka ikajaa."

"Basi imeshiba. Na hicho kidude chako cha kupunguza umeme kinavumilia ngapi?"

Verlyn alikigeuza kile kipande kilichoungua, akasoma maandishi madogo. Hamsini. Jana betri ilikuwa nusu, nacho kikastahimili. Leo imejaa, kikazidiwa. Miezi yote ile alikuwa ameliamini jina la betri bila kuipima shibe yake. Verlyn akaanza kucheka, kicheko kilichomshangaza mwenyewe, Marlys naye akakidaka.

Katika mtoto wa meza kulikuwa na kipunguzi kingine, kinachovumilia volti sabini na tano, ambacho Verlyn alikuwa amekidharau kwa unene wake. Safari hii Marlys alishika nyaya, Verlyn akalehemu. Fyuzi wakaiweka jirani na betri.

"Mita inasemaje kwenye taa?" Verlyn aliuliza.

"Volti sita kamili, fundi."

Nyeupe ikawaka mbele, nyekundu nyuma. Wakaisukuma baiskeli nje, na hata katika jua kali la Mei taa zilikonyeza bila haya.

Marlys alifunga kofia yake ya baiskeli. Akaukaza mkanda wake mara mbili.

"Nije nyuma yako?" Verlyn aliuliza.

"Wewe mpokee Chue. Naenda mpaka kona tu. Na ya leseni yaishie gerejini."

Chue alifika akiwa na mfuko wa mboga za bustanini kwake. "Habari za asubuhi, mzee Verlyn. Baiskeli iko wapi?"

Verlyn alinyoosha bisibisi. Mwisho wa mtaa, katikati ya mwanga wote ule, nukta nyekundu ilikuwa ikimeta. Ikafika kona, ikasimama. Kisha nukta ikakata kushoto, kwenye barabara ya ziwani, ikatoweka.

"Amesema anarudi saa ngapi?" Chue aliuliza.

"Amesema anaenda mpaka kona tu," Verlyn alijibu, akiburuta viti viwili kuvileta juani.