Mlingoti wa Mbwana

Dadangu Dama alitoka Bongwe kuja kukaa nami katika eda akiwa na mkoba mmoja wa nguo na amri ambazo zisingeenea katika mikoba kumi. Mwanamume asivuke mlango wa ua. Sauti yangu isisikike barabarani. Simu ya mwanamume asiye ndugu aipokee yeye. Miezi minne na siku kumi, hivyo hivyo, na asiyeridhika akamwulize mama yetu kaburini. Mimi niliridhika. Nilikuwa nimeishi na Mbwana miaka thelathini na mmoja, hatukujaaliwa mtoto, na kumkalia eda ndiyo kazi ya mwisho niliyobakiwa nayo ya kumfanyia mume wangu. Sikutaka kuifanya nusunusu.

Shida ilikuwa uani. Nyuma ya jiko umesimama mlingoti wa chuma, na juu yake sahani mbili. Moja inatazama upande wa Ukunda, mtandao unakotoka. Ya pili inatazama Funzi, mtandao unakokwenda, na ndiyo inayogawia na kijiji chetu. Zahanati yetu, skuli, nyumba arobaini hivi, na wenye mashua za watalii kule kisiwani wanaopokea wageni wao kwa simu, wote mtandao wao unapitia uani kwangu. Mwenye mlingoti ni Onesmus.

Onesmus ni mtu wa bara, kwao Kitui. Alikuja pwani kufunga televisheni katika hoteli za Diani, akaona kwamba makampuni makubwa ya mtandao yanakomea barabara ya lami, akasema yeye ataanzia pale wao wanapokomea. Kwa miaka saba nimemwona akipigana na kila kitu. Radi ilimchomea mitambo miwili kwa masika moja. Chumvi ya bahari inamla nati na nyaya. Tumbili wanabembea kwenye waya wake kama ni wa kwao. Mnazi unarefuka mpaka unasimama mbele ya sahani, na mwenye mnazi hataki kusikia habari ya panga. Kisha yuko mteja anayeigawa nywila yake mtaa mzima halafu anapiga simu kulalamika kwamba mtandao unajikokota. Mtu mwingine angefunga virago. Yeye alikuwa akija kwetu, anaketi barazani, Mbwana anammiminia chai na kumcheka Kiswahili chake. Mwezi wa kwanza alikuwa akimwamkia shikamoo kila aliyepita, hata watoto wa chuo cha Kurani.

Mbwana alikuwa fundi wa stima hotelini mpaka alipostaafu, na mlingoti ule ulimpa kazi ya uzeeni. Kila asubuhi baada ya chai alipangusa paneli za sola, akatazama betri, akagusa nati moja moja kama mtu anayehesabu tasbihi. Siku moja nilimwambia kwamba anaupenda mlingoti kuliko anavyonipenda mimi. Alifikiri kidogo, akasema mlingoti haununi. Nikanuna siku mbili.

Siku ya hamsini na sita ya eda yangu, mtandao wa upande wa Funzi ukakatika, na wetu pamoja nao.

Onesmus alifika asubuhi, akabisha, akaamkia, akasimama nje. Dama alizungumza naye mlango ukiwa umefungwa. Alieleza kwamba mtambo uko hai, stima inafika, ila sahani ya Funzi haisikii kitu. Ama imegeuka, ama chumvi imekula waya, na kutoka barabarani hawezi kujua ni lipi. Alihitaji kuwa uani nusu saa tu. Dama akamwambia hiyo nusu saa ataipata bila shaka, baada ya siku sabini na kitu.

Usinione sikujali. Nilimtuma Dama kwa Maalim Nassir akaulize. Maalim akajibu kwamba kwa haja kama hiyo, ndugu yetu wa kiume akiwapo na mimi nikiwa chumbani, hakuna ubaya. Lakini kaka yetu yuko Matuga na miguu haimtii tena. Isitoshe, Dama alisema Maalim mwenyewe anasomesha watoto wa Nairobi kwa video, mtandao wake umekatika kama wa wengine, na jibu la mtu mwenye shida yake lipokelewe kwa tahadhari. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyeijua kazi ile, naye ni Everline, mkewe Onesmus. Everline alikuwa kwao Kitui akisubiri kujifungua. Basi tukakaa, na mtandao ukakaa.

Siku ya tatu Onesmus alirudi baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimeketi jikoni, na ukuta wa ua si mzito kiasi cha kuzuia maneno. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Alimwambia Dama kwamba muuzaji wa sahani za setilaiti amekwishafika Funzi na karatasi zake, na wenye mashua wamempa yeye Onesmus muda mpaka kesho jioni, kwa kumheshimu. Funzi ikiondoka, malipo ya wateja waliobaki hayawezi kuibeba kazi, atafunga duka na kurudi kwenye televisheni za hoteli. Kwa hiyo ameamua. Boga mwenye duka ana nyumba ya ghorofa karibu na barabara, amemkubalia kusimamisha mlingoti mwingine juu yake leo hii. Sisi alituomba tuzime tu mtambo. Huu wa hapa atakuja kuung'oa eda ikiisha, na alituomba radhi, na akasema Mbwana angemwelewa.

Labda Mbwana angemwelewa. Mimi sikumwelewa. Nilisikia kama wanamtoa Mbwana ndani ya nyumba kwa mara ya pili, na mara ya kwanza sijaimaliza kuilia. Nguo zake nilikwishazigawa kama ipasavyo. Viatu vyake vimekwenda, redio yake imekwenda. Katika nyumba ile kitu kimoja tu cha mikono yake kilikuwa bado kinafanya kazi, nacho kilikuwa kinahamia kwa Boga, mtu asiyepangusa hata miwani yake. Nikasimama, nikaenda chini ya kitanda nikatoa spana ya Mbwana.

"Mwambie asiende kwa Boga," nikamwambia Dama. "Mwambie nitapanda mimi."

Dama alinitazama kama nimesema nitaolewa kesho. Alianza na umri wangu, akaja kwenye presha yangu, kisha akafika alipotaka kufika. Nikiwa juu ya ngazi kichwa changu kitapita ukuta, na kichwa kikipita ukuta nimetoka nje, na nikitoka nje nimevunja eda. Nikamwambia kwamba anayetoka nje hutoka kwa miguu, na miguu yangu itakuwa ndani ya ua wangu, kwenye ngazi yangu. Akasema hilo halijawahi kusikika. Nikasema ni kwa sababu hakuna mjane mwingine mwenye mlingoti. Tukavutana hivyo muda mzuri, na Onesmus kule nje akingoja kwa adabu, mpaka Dama mwenyewe akaingia chumbani akarudi na leso mbili za kujitanda. Alinifunika akanikaza mpaka yakabaki macho tu. Halafu akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaanza kusoma dua.

Sasa sikiliza kazi yetu ilivyokwenda. Onesmus alikaa nje chini ya ukuta na kompyuta yake magotini, akiona humo nambari za mawimbi ya sahani ya Funzi. Aliniambia kwa kupaza sauti hata wa msikitini wangesikia kwamba nishike kwanza waya wa kuukaza mlingoti, ule wa upande wa jiko, nione kama umelegea. Nilimsikia vizuri sana. Lakini Dama hakukubali mwanamume aseme nami, basi alisubiri amalize, akageuza uso juu, akaniambia tena yote, isipokuwa alisema upande wa choo. Nikashika wa upande wa jiko. Nilipojibu, nilimjibu Dama kwa sauti ya chini, naye akapaza kuelekea ukutani. Mimi na Onesmus tukawa kama watu wa nchi mbili.

Na waya ulikuwa umelegea kweli. Nilipopanda daraja mbili zaidi nikaona sababu. Pale waya unapofungwa kwenye mlingoti kulikuwa na kipande cha kamba ya manjano ya nailoni, kimefungwa kwa fundo kubwa, na ncha yake imekatwa kwa kisu. Kamba hiyo ilikuwa imeuvuta waya kutoka mahali pake, na tangu hapo upepo wa kusi ulikuwa ukiugeuza mlingoti kidogo kidogo kila siku, mpaka ukafika upana wa vidole viwili na sahani ikaacha kuiona Funzi; ile ya Ukunda hushika mawimbi kwa upana zaidi, ikavumilia.

Kamba ile niliijua. Ilikuwa ya turubai la matanga ya Mbwana, lililofunika ua mzima siku tatu. Na hapo hasira ikanipanda mpaka nikasahau niko juu ya ngazi. Nilisema kwamba hao vijana wa kukodisha maturubai hawana akili hata moja ya kugawana. Nilisema kwamba watu wazima wanaona mlingoti wa mtandao wanaufanya kigingi cha mbuzi, kwamba mjinga aliyefunga fundo lile hakufunzwa kwao, na kwamba laiti Mbwana angekuwa hai angemfunga yeye hapo hapo kwa kamba yake mwenyewe. Dama hakuyapeleka hayo ukutani. Hayakuhitaji kupelekwa.

Nikaanza kulifungua fundo kwa kucha. Halikulegea.

"Mama," Onesmus akasema. Hakupitia kwa Dama. "Hiyo kamba nilifunga mimi."

Huyu ndiye mtu aliyenigombeza siku moja kwa kuanika leso yangu mvua kwenye waya ule ule, akanieleza robo saa nzima kwamba waya ule ndio roho ya mlingoti. Alieleza kwa sentensi fupi fupi. Turubai lilipungukiwa kigingi. Wingu lilikuwa limefunga, na watu walikuwa wamekwisha kukaa. Akashika kitu kilichokuwa karibu.

"Siku hiyo sikuona mlingoti, Mama. Niliona tu chuma."

Nilinyoosha mkono chini, Dama akaingia jikoni akaniletea kisu bila kuuliza. Nikaikata kamba. Nikaurudisha waya mahali pake nikaukaza kama nilivyomwona Mbwana akiukaza, nikalegeza nati mbili za mlingoti, nikaanza kuugeuza kwa kuukumbatia. Onesmus akawa ananisomea nambari. Kadiri inavyopungua ndivyo mawimbi yanavyokuwa mazuri. Themanini na nane. Themanini na tano. Tisini, nimepita, nirudi. Sabini na tisa, polepole, Mama. Sabini. Dama alikuwa ameacha zamani kutafsiri, na sasa alikuwa akizitaja nambari pamoja naye kwa mdomo tu. Sitini na nne. Hamsini na tisa. Nikaambiwa nisipumue. Nikakaza nati kwa spana, moja kisha nyingine, mpaka mkono ukaniuma.

Simu ya Dama ikaanza kulia mfululizo kule jikoni, ujumbe wa siku tatu ukiingia wote kwa pamoja. Mbali kidogo nikasikia mtu akiita watoto waje, mtandao umerudi. Onesmus alipiga simu Funzi, nikamsikia akiwaambia wajaribu, wakajaribu, wakaridhika. Akasema kwa Boga haendi tena. Akasema mlingoti utakaa hapa hapa kama nitakubali kuuangalia, na mimi nikasema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba nimekubali, na kwamba kesho asubuhi nitapangusa paneli.

Nikangoja aseme asante aende zake. Kichwa changu kilikuwa kimepita ukuta, kama Dama alivyohofia, basi nikatazama chini nikamwona. Alikuwa amechuchumaa, ameifunga kompyuta, ameliweka paji la uso juu yake, na mabega yanamtikisika.

Nikaanza kukumbuka siku ile. Nilikuwa chumbani na wanawake, lakini dirisha lilikuwa wazi na sauti yake niliisikia tangu alfajiri. Viti viende huku. Gari lile lirudi nyuma. Maji ya kuosha maiti yako wapi. Nani ana kigingi. Alipofika kaburini, niliambiwa baadaye, aliwaachia nafasi wenye haki yao, ndugu wa damu na watu wa dini ya Mbwana, akasimama nyuma akishika viatu vya watu. Hakuna aliyempa mkono wa rambirambi, kwa sababu hakuna aliyejua ampe kama nani. Na mimi sikumuuliza hali yake hata mara moja kwa siku hamsini na nane. Nilitaka kushuka, nifungue mlango, nikamshike kichwa kile. Nampenda kama mwanangu, na hilo sijawahi kumwambia mtu. Lakini si mwanangu kwa sheria yoyote, na eda yangu ni ya Mbwana.

Dama aliiachia ngazi. Alikwenda mpaka ukutani, pale pale alipokuwa Onesmus upande wa pili, akaweka kiganja juu ya mawe. Dama huyu ndiye aliyekuwa hamtaji kwa jina tangu alipokuja, alikuwa akimwita yule wa mtandao.

"Onesmus," akamwambia. "Lia, baba. Sisi sote tulilia siku ile, na wewe ulikuwa ukitufungia turubai."

Akalia kwa sauti. Nami nikabaki juu pale nimeukumbatia mlingoti, nikalia naye, na watu waliokuwa wakipita barabarani walituona sote wawili, na Dama hakuniambia nishuke.