Mkono wa Askofu Madovei

Jumamosi Kuu, baada ya sala za asubuhi, Auda alichemsha maji, akanoa mkasi, akaenda kanisani kumpunguza ndevu Askofu Madovei. Askofu alikuwa amekufa miaka thelathini na moja iliyopita. Mwili haukuoza, na ndevu na kucha ziliendelea kuota kama za mtu yeyote, kwa hiyo ilibidi apatikane wa kuzikata. Kazi hiyo aliianza mama yake Auda. Auda aliirithi pamoja na utumwa.

Padri Wolfari alisukuma kifuniko cha jeneza la jiwe, akakaa pembeni na kikapu cha kukusanyia vipande vya kucha, maana wakubwa wa mji wa Vidua walivigombea kama watoto na peremende.

"Kaa sawa, baba," Auda alimwambia marehemu. "Mwaka jana ulinichezea shingo nikakukata sikio."

"Hakucheza," padri alisema. "Ni macho yako hayo, mama. Yamechoka."

"Na wewe masikio yako je? Nakuomba kila siku umtetee mwanangu, husikii."

Padri aliinamia kikapu chake. Habari yenyewe mji mzima uliijua. Liwali Gundulfu alikuwa anamwoza binti yake kwa watu wa Burgundi, safari ya siku kumi na tano, na askofu wa sasa alikuwa ameahidi kumpa bibi harusi zawadi ya kijakazi mmoja wa kanisa. Aliyetajwa ni Nantila, binti pekee wa Auda. Waliopelekwa huko hawakuwahi kurudi. Enzi zake Madovei aliuza vikombe vya altare akakomboa mateka wa vita, na jambo hilo husomwa kila mwaka siku ya sikukuu yake. Watumwa wa kanisa lake mwenyewe aliwaacha walivyokuwa. Hilo halisomwi.

Nantila aliingia kuaga, na nyuma yake Bobo, tarishi wa liwali, akitafuna kitunguu. Msichana alipiga magoti na kunyoosha mkono aiguse pete ya mtakatifu. Mtakatifu akaudaka mkono huo kwa mkono wake wa kulia, akaushikilia.

"Mama, haniachii."

"Usivute. Utamvunja."

Padri alijaribu kufungua kidole kimoja kimoja. Akapaka mafuta kutoka taa ya altare. Vidole havikulegea.

"Hebu acha, padri," Bobo alisema, akameza kitunguu. "Sisi Wafaranki, bwana akimshika mtu mkono mbele ya mashahidi, mtu huyo ni wake. Nyinyi mmeona, na mimi nimeona. Mnataka nimpore bwana mtu wake?"

"Bwana mwenyewe maiti!" padri alisema.

"Maiti? Mbona ana kucha ndefu kuliko zako?"

Siku tatu Nantila alikula mkate na maharagwe kwa mkono wa kushoto, na Auda alilala sakafuni ubavuni pake. Kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha, alimalizia kukata kucha za marehemu huku vidole vimeushika mkono wa mwanawe. Jumatatu askofu wa sasa alikuja, akatazama, akaguna, akaagiza iandikwe hati kwamba Nantila ni mtu wa Mtakatifu Madovei na hakuna awezaye kumtoa zawadi. Muhuri ulipokauka, mkono ulifunguka. Auda alilia kwa sauti bila kujali nani anatazama. Hakuwahi kufurahi vile maishani mwake.

Hati ilimtaja Nantila tu. Ahadi kwa liwali ilibaki palepale, na jioni hiyohiyo askofu alitaja jina jingine: Dodila, binti wa dobi wa kanisa.

Jumanne asubuhi Dodila aliletwa kuaga, uso umevimba kwa kulia, mama yake akimfuata na nguo za watu zikiwa bado zinamchuruzika mikononi. Bobo alitafuta benchi, akaketi, akatoa kitunguu. Padri Wolfari alikwenda kusukuma kifuniko kabla hajaombwa.

Dodila alipiga magoti pale alipopigia magoti Nantila. Auda alimshika mabega, akamwinua, akamzungusha taratibu hadi ng'ambo ya jeneza.

"Njoo upande huu, mwanangu," alisema. "Wa kushoto bado haujatumika."