Pale Alipoinua Macho

Deki ya video ilianza kutafuna utepe wa kaseti saa nne na nusu asubuhi. Sauti yenyewe haikuwa kubwa, kwaruu, kwaruu, kama panya aliyepata gazeti. Lakini Nekoye aliisikia vizuri.

"Bonyeza stop!" Erastus alipiga kelele nyuma ya pazia. "Stop, Nekoye! Na usiguse eject!"

Alibonyeza. Utepe ukasimama ndani ya deki, picha ikafa kwenye kompyuta.

Erastus ndiye aliyekuwa mwenye duka na fundi wake. Mjini Thika, mwaka huo wa tisini na tisa, waliojua kutoa harusi kwenye kaseti na kuitia kwenye diski walikuwa wa kuhesabika, na yeye hakuchoka kuwakumbusha watu. Nekoye, tangu aache kuchuma kahawa kule Ruiru, kazi yake ilikuwa kufagia, kupokea wateja na kuandika majina juu ya diski. Leo sasa bosi alikuwa amefukuzwa kwenye chumba chake mwenyewe, ameketi juu ya kreti ya soda upande wa pili wa pazia, ametulia kama mkwe.

Aliyemfukuza ni Mama Zubeida wa Majengo. Kaseti ilikuwa ya harusi ya bintiye Mwanarusi, tena ile sherehe ya wanawake peke yao, vichwa wazi, viuno vikizungushwa bila kuogopa mtu. "Mwanamume haangalii hii," alisema akiwa bado mlangoni. "Akiangalia, nairudisha nyumbani ikafie huko." Erastus aliukagua utepe. Ulikuwa umeota ukungu, na huenda ungekubali kupita mara moja tu. Akausafisha kwa spiriti, akamwonyesha Nekoye, mwanamke pekee pale dukani, vibonyezo mara tatu, akatoka akiguna.

Mwanarusi alifariki mtoto wake akiwa na siku arobaini. Mtoto huyo, Safaa, sasa alikuwa na miaka kumi, ameketi kwenye benchi ameshika buibui la nyanyake kwa mikono miwili. Mamake alimjua kwa picha mbili tu za ukutani. Kumwona akitembea, kumsikia akisema neno, alikuwa hajawahi.

Na hata kwenye kaseti, bibi harusi wa kwao hatazami watu. Huketi amefumba macho mpaka sherehe iishe. Mwanarusi alifumba vizuri sana, isipokuwa mara moja: shangazi mmoja alimnong'oneza jambo, akainua macho, akacheka.

"Ni hapo," Zubeida alisema. "Imekwama hapo hapo."

"Mama, mlikuwa mnaisimamisha hapa?"

"Mara ngapi, mwanangu! Kila Ijumaa, miaka miwili baada ya kumzika, huyu akiwa bado mchanga, hadi deki yetu ikaharibika. Tunarudisha, tunasimamisha, tunamtazama."

Nekoye hakutaka kumwambia kwamba utepe ukisimamishwa mahali pamoja husuguliwa ukaisha. Lakini yule mama hakuwa mjinga.

"Kumbe ni sisi tuliomla," akasema.

Erastus akauliza kutoka huko kwake, "Imekunjika?"

Nekoye alichungulia kwenye mdomo wa deki. "Imekunjika, bosi."

"Kiasi gani?"

"Kama shibiri moja."

"Hizo ni sekunde nane. Kata hapo, uunge na ile selotepu yangu. Ukipitisha mikunjo itavunja kichwa cha deki, na niko na deki moja tu. Unanisikia?"

"Bosi, ni pale anapocheka."

Kreti ikalia nyuma ya pazia.

"Ngai, Mungu wangu," Erastus alisema mwishowe. "Basi mimi sijui. Wewe ndiye uko huko ndani."

Afadhali angemgombeza! Nekoye aliogopa, tuseme ukweli, aliogopa mpaka jasho likamtoka mgongoni. Aliogopa deki, aliogopa stima kupotea katikati, aliogopa macho ya yule mtoto ambayo hayakuwa yameondoka kwenye kioo cha kompyuta hata kilipokuwa cheusi. Zaidi ya yote alimwogopa marehemu mwenyewe. Watu wamemzika mara moja, na sasa mkasi uko mkononi mwa mfagiaji.

"Usikate," Zubeida alisema. "Kama ni kufa, ife ikipita."

Nekoye akauweka mkasi chini. Alifungua kifuniko cha deki kama alivyoelekezwa, akautoa utepe polepole, akautandaza juu ya kitambaa safi. Akaanza kuunyoosha kwa ncha za vidole, kunjo baada ya kunjo, pumzi ameibana. Katikati ulilala vizuri. Ukingo wa juu ulikataa, ukabaki umejikunyata kama pindo la gauni lililofuliwa vibaya. Akafanya tena. Ukakataa tena. Akaurudisha ndani ya kaseti hivyo hivyo kwa kuzungusha gurudumu kwa kidole.

"Bismillahi," alisema Zubeida.

"Yesu wangu," alisema Nekoye, akabonyeza.

Theluji kwenye kioo. Mistari myeupe. Halafu miguu ya wanawake, hina, ngoma, vigelegele. Halafu kwaruu moja, na Nekoye akafumba macho yake mwenyewe. Aliposikia kimya akajua ameua kitu. Akafumbua.

Kimya kilikuwa cha sauti tu. Ule ukingo wa juu ndio unaobeba sauti, na sauti ilikuwa imezama yote. Lakini picha ilikuwa inatembea, inatetemeka, inatembea. Msichana aliyejaa dhahabu aliinua macho, akawatazama moja kwa moja, akacheka mabega yakimruka. Hakuna kilichosikika. Kisha akafumba tena, ngoma zikarudi, na kompyuta ikaendelea kunakili.

"Nyanya," Safaa alinong'ona, "mbona hana sauti? Alikuwa anacheka aje?"

Nekoye alijua sasa ndipo atalaumiwa.

Zubeida alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Kilichotoka hakikuwa kicheko cha mwanamke wa miaka sitini. Kilikuwa chembamba, kikapanda haraka, kikakatikia katikati kwa kikwikwi kidogo, halafu kikaanza upya.

"Nekoye!" Erastus aliita. "Sauti imeshika? Nasikia mtu anacheka!"

Safaa alimvuta nyanyake buibui.

"Tena," alisema Safaa. Na nyanyake alipoanza, naye akajaribu.