Gari Lisilotoa Moshi

Mkubwa wangu Shuaib alikuwa na kipawa kimoja: alijua kukataa. Miaka sita nilikuwa karani wake katika kituo cha ukaguzi wa magari hapa Garissa, na sikuwahi kumwona akisoma kanuni hadi mwisho. Akifika mahali palipoandikwa “isipokuwa”, alifunga jalada.

Binti wa eedo yangu, yaani shangazi, jina lake Weris, alifika kwetu mwezi wa Februari na gari dogo la umeme kutoka China. Alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi kabla ya kuingia biashara. Gari lilipita bandarini Mombasa, ushuru ukalipwa, usukani ulikuwa upande wetu wa kulia, na bei yake ilikuwa chini ya pikapu iliyochakaa. Walimu na wakunga saba walikuwa wanasubiri. Hili moja likipita, angeagiza mengine.

Shuaib alilizunguka mara mbili.

“Bomba la moshi iko wapi?”

“Halina,” Weris akasema.

“Sasa nipime moshi wapi?”

“Hakuna moshi wa kupima, mzee.”

“Fomu inasema moshi upimwe.”

Pembeni alikaa Korane, mwenye vituo viwili vya mafuta na yadi ya pikapu kuukuu. Kila asubuhi alikunywa chai ofisini kwetu bila shughuli yoyote, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Aliligonga gari kwa kidole. “Abaayo, dada yangu, hii ni blastiki. Mvua ikinyesha, umeme itakuua,” alisema, kwa huruma ya mtu anayeuza “betroli”, kama anavyoitamka.

Gari likabaki uani. Weris alileta kitabu cha maelezo. Shuaib akasema kina maandishi ya Kichina. Akaleta tafsiri yenye muhuri. Muhuri ukaonekana umefifia. Kisha ikatakiwa nambari ya injini. Weris akamweleza kwamba halina injini, lina mota, na mota ina nambari yake. Shuaib alimsikiliza kwa uso wa mbuzi aliyesimamishwa mbele ya ubao wa darasa, halafu akamwambia arudi Jumatatu.

Wiki kumi na moja za Jumatatu. Katika wiki hizo pikapu za Korane zilipita mbele yangu, nyingine zikitoa moshi mzito hadi ukuta wetu ukawa mweusi. Kwenye sehemu ya moshi niliandika “wastani”. Mkono ulikuwa wangu, na wino ulikuwa wangu.

Siku moja Weris hakuenda kwa Shuaib. Alikuja moja kwa moja mezani pangu.

“Bishar, wewe unaamini hii gari iko na kasoro?”

“Hapana.”

“Basi wewe ni mbaya kumshinda. Yeye haelewi.”

Akaondoka.

Wiki iliyofuata Shuaib alikwenda Nairobi kwenye semina ya kulinda mazingira. Alivaa suti. Kulikuwa na barua ya zamani, yenye sahihi yake mwenyewe, iliyoniruhusu kukagua asipokuwepo; aliiandika ili asisumbuliwe safarini, akaisahau. Nilimpigia Weris simu. Nikapima breki, taa, matairi na usukani, kila kitu kama inavyotakiwa. Kwenye moshi nikaandika sifuri. Kwenye injini nikaandika nambari ya mota na kueleza sababu kwa mistari miwili. Nikatia sahihi. Weris alitoka langoni kimyakimya. Mlinzi hakujua kuna gari linapita mpaka lilipomfikia magotini.

Shuaib aliporudi, aliniita mbele ya Korane.

“Nani alikuruhusu?”

Nikaweka barua mezani. Aliisoma, na safari hii aliifikisha mwisho. Korane aliangalia chai yake.

Kabla mwezi haujaisha nilihamishiwa Banissa, kule mbali mpakani, kwenye chumba chenye meza na bila kiti, mahali ambapo siku nyingi niliowakagua walikuwa ngamia wakipita dirishani. Nilijua ni adhabu, lakini nililala vizuri kuliko nilivyolala Garissa.

Ndipo nikasikia habari. Weris alikuwa ameleta yale saba, Shuaib akashindwa kuyakataa kwa kuwa la kwanza lilikwishapita, yakaisha, akaleta mengine. Alipofika la kumi na tisa, Korane aliweka bango kubwa kituoni kwake: yeye ni wakala wa magari ya umeme. Alisimama kwenye mkutano wa wafanyabiashara akahubiri juu ya hewa safi ya watoto wetu. Magari yake kumi yalikaguliwa asubuhi moja, na Shuaib hakutafuta bomba popote. Lakini bei Korane aliiweka ile ya pikapu, kwa kuwa hakujua nyingine, na wakunga wakaendelea kwenda kwa Weris.

Korane alimtuma mtu kumuomba Weris awafundishe mafundi wake. Weris akamjibu, “Mwambie alete fomu.”

Kisha akanipigia mimi. Alihitaji mtu wa kusimamia karakana na makaratasi. “Anayesoma mpaka mwisho,” alisema. Niliandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo, nikapanda basi la kurudi Garissa.

Shuaib amepandishwa cheo. Sasa anasimamia vituo vinne.